Nambari Kumi na Nne

Nilitengeneza app ya foleni nikajigamba Malaba nzima, mimi Alaso wa Adungosi. Zamani, kwenye yadi ya Okiria, malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda yaliandikwa nambari kwa chaki kwenye tairi. Sasa karani wa lango, Gaudencia, anabonyeza simu na lori linapata nafasi yake.

Jumatatu moja dereva Willis aliamka akakuta nafasi yake, nambari kumi na nne, ina lori la saruji lililoingia nyuma yake. Lake halikuwemo hata mwishoni. Madereva wakasema Gaudencia amekula kitu kidogo cha dereva wa lori la saruji. Okiria, mwenye yadi, akaniuliza mbele ya watu kama app inaweza kukosea. Nikamjibu kwamba simu haina tumbo, mwenye tumbo ni mtu. Watu wakacheka. Okiria akamwita Gaudencia mwizi, akamnyang'anya simu ya kazi na kumpa karatasi ya kukiri.

Gaudencia hakutia sahihi. Kila asubuhi alikuja na koti lake la kung'aa, akaketi nje ya lango. Akiulizwa anangoja nini, alisema anangoja kazi yake. Siku ya nne nilipita hapo akanisalimu kwa upole, akaniuliza hali ya mama yangu. Afadhali angenitukana.

Nikaichukua kwa Okiria ile simu ya kazi, nikazunguka nayo yadini. Mezani kwangu Busia mjini app haikuwahi kukosea, lakini mezani kwangu mtandao ni mmoja. Hapa, ukisogea upande wa mto wa mpakani, simu inadaka mtandao wa Uganda, ukirudi hatua kumi inadaka wa Kenya, na katikati haina kitu. Nikasimama hapo katikati, ujinga wangu ukanijia wote kwa pamoja.

App ina nyuzi mbili za kazi, zile tunazoita thread. Uzi wa mbele unaandika lori Gaudencia anapobonyeza. Uzi wa nyuma, usioonekana, unasoma foleni nzima, unaituma ofisini, ukimaliza unaihifadhi tena. Mtandao ukikatika, uzi wa nyuma unakwama na foleni yake ya zamani mkononi. Gaudencia anamwandika Willis. Mtandao unarudi, uzi wa nyuma unazinduka, unamwaga foleni yake ya zamani juu ya mpya, na Willis anafutika. Nambari yake anapewa anayefuata. Fahari wawili hawakai zizi moja, nami niliwafungia humo kwa mkono wangu, bila mlango wala zamu.

Nilimweleza Okiria ofisini kwake. Alisikiliza vizuri, kisha akasema Ijumaa tajiri wa yadi ya Busia anakuja kuitazama app, kwa hivyo nirekebishe kimyakimya. Gaudencia, alisema, atamtafutia kazi mji wa Nambale.

"Na jina lake?" nikauliza.

"Jina halijazi tangi, Alaso. Wacha hiyo maneno."

Nina hasira za karibu, na siku hiyo sikuzizuia. Nilimwambia sitaficha, na kama anataka kunifukuza, anifukuze nikiwa nje, watu wakisikia. Nikatoka na simu, nikawaita madereva hadi kwenye ua wa upande wa mto. Okiria akatufuata akibweka.

Nikaiingiza pikapu yake mwenyewe kwenye foleni, nikawaonyesha nambari, nikasogea hatua kumi, nikarudi. Pikapu ilikuwepo, maana uzi wa nyuma haukuwa unatuma wakati huo. Nikarudia. Ilikuwepo bado, na mtu akaanza kuguna. Okiria akawaambia mmeona wenyewe. Nikaifuta, nikaiingiza mara ya tatu, uzi wa nyuma ukiwa tayari unatuma. Simu ikapoteza mtandao, ikaupata, na pikapu ya Okiria ikatoweka mbele ya macho yao. Willis akaichukua simu, akaitafuta kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Haiko," akasema. "Boss, hata wewe umekula kitu kidogo?"

Nikawaambia kosa ni langu. Kuanzia leo mwenye kuandika foleni atakuwa uzi mmoja tu, mwingine utume na usiguse, na mpaka nimalize tutatumia chaki. Okiria akasema sitapata tena kazi kwenye mpaka huu wote. Nikamwambia nitalima mihogo kwetu, na mihogo yangu itakuwa halali. Lakini madereva walikuwa wameanza kumzunguka, na yadi bila madereva ni uwanja wa vumbi. Akaenda langoni akamwambia Gaudencia aingie, kazi ipo.

Gaudencia hakuinuka.

"Uliniita mwizi mbele ya hawa," akasema. "Nitolee hilo jina mbele yao."

Okiria akanung'unika kitu akitazama viatu vyake. Gaudencia akasema hajasikia. Okiria akasema tena, safari hii kwa sauti, kwamba Gaudencia si mwizi.

Ndipo Gaudencia akainuka, akafunga koti lake, akanigeukia mimi niliyekuwa nimeanza kutabasamu.

"Na wewe, Alaso. Uliwachekesha watu kwa jina langu. Sema na wewe."

Nikasema, na hakuna aliyecheka.