Mlango Umefaulu

Ulitazama pembeni. Usikatae, nilikuona. Mwanao alikuwa mstari wa mbele, kaachama kama kinda anayesubiri kulishwa, na wewe ulikuwa umeinamisha shingo kuangalia kama simu yako inarekodi. Lilipotokea lile jambo ukakuna sikio, kisha ukageukia dirisha. Hukuwa peke yako. Wazazi wote chumbani mle waligundua kwa mpigo mmoja kwamba dirisha lile lina mandhari nzuri. Nje kuna tangi la maji na ukuta. Basi kaa hapo nikusimulie ulichokwepa kukiona, maana nakujua: kesho utasema hukuambiwa.

Mimi nashona sare. Nusu ya watoto wale walivaa kazi ya mikono yangu, na shule ile naijua tangu mimi mwenyewe nilipokuwa nakaa kwenye madawati yake. Nakumbuka ilipokuwa na piano. Watu wa ofisi ya elimu walisema ihamishiwe kwao kwa usalama wake, ikafunikwa kitambaa, ikawekewa chombo cha maua juu, mchwa wakamalizia. Tukanyamaza. Nakumbuka ngoma zilivyofungiwa stoo kwa kuwa zinasumbua kipindi cha hesabu, utadhani hesabu ni mgonjwa anayetakiwa alale. Tukanyamaza tena. Zikaja filimbi za plastiki, nazo zikakusanywa ati kwa sababu ya afya, na sisi tukatikisa vichwa tukasema kweli, afya ni muhimu. Kilichosalia ni kipindi kimoja cha Ijumaa, chumba cha mwisho kwenye ujia, chenye mlango unaolia, na mwalimu mmoja.

Mwalimu huyo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Utasema namtetea kwa sababu ni wa kwetu. Ndiyo, namtetea kwa sababu ni wa kwetu. Na mwanao si wa kwenu?

Wifi hana ala hata moja, kwa hiyo anafundisha kwa mikono. Ngumi usawa wa kiuno ni *do*, sauti ya kwanza ya ngazi ya muziki. Kiganja kilicholala ni *mi*. Kidole kinachoelekea juu ni *ti*, na watoto wanakijua kwa tabia yake: hakitulii mpaka kimefika nyumbani, kwenye do ya juu. Ukutani amechora ngazi kwa chaki, na kila Ijumaa kabla ya kuanza huwaambia watoto wavumishe tu, midomo imefungwa, huku yeye anapita katikati yao akitega sikio. Akisharidhika anainua ngumi. "Do yetu ya leo iko hapa." Wakiwa na mafua, do inashuka. Wakitoka kukimbia, inapanda. Kisha anawarekodi kwa simu yake, anawasikilizisha, na hawaambii walikosea wapi. Anawauliza wao. Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui kulala, kwenye kipindi hicho ndiko alikojifunza kunyamaza ili asikie mwenzake. Kiboko hakikuwahi kumfundisha hilo, wala mimi.

Halafu zikaja tableti.

Zililetwa na ofisa wa elimu ambaye watoto walimbatiza Bwana Skrini, kwa sababu akizungumza nawe macho yake yako kwenye kioo. Ndani ya tableti kuna programu inayosikiliza watoto wakiimba ngazi na kuwasahihisha: kijani umefaulu, nyekundu umefeli. Maelezo yalikuwa mafupi. Darasa likipata kijani siku ya wageni, kipindi cha muziki kinabaki. Likipata nyekundu, Ijumaa inapewa hesabu, na wifi anahamia huko huko kwenye hesabu.

Mwanzoni tulicheka, nakiri. Mtandao haukufika chumba cha mwisho, kwa hiyo mtu wa ofisi akabandika karatasi mlangoni: WIFI HAIPATIKANI. Chiriku akafuta herufi moja. Wifi alipofika asubuhi akakuta mlango wake umeandikwa WIFI HAPATIKANI.

"Nani kasema mimi sipatikani?" akauliza darasa.

"Si sisi, Mwalimu," akajibu Chiriku. "Labda ni mawifi zako."

Kicheko kikaishia hapo. Watoto waliimba, kioo kikawa chekundu. Wakarudia, chekundu. Wifi akawagawa makundi, akawaimbisha taratibu, akamwimbisha kila mmoja peke yake, chekundu. Wakati wamesimama wanatazamana, mwalimu wa darasa la jirani akasukuma mlango kuomba chaki. Bawaba zikalia *iiii*, na tableti ikawaka kijani, ikatoa na nyota. "Hongera!"

Kisha Chiriku akasema, "Mlango umefaulu. Sisi tumefeli."

Jioni ile wifi alikuja kwangu, akaiweka tableti juu ya meza ya kukatia, katikati ya vitambaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegombana na ukuta.

"Nimeujua ugonjwa wake, wifi," akaniambia. Sisi tunaitana hivyo hivyo, yeye wifi, mimi wifi. "Mashine hii haijui kwamba do inahama."

"Inahamia wapi?"

"Popote watoto wanapofikia. Wewe ukimshonea mtoto sketi, kiuno unakiweka wapi?"

"Kilipo kiuno chake."

"Ehe. Fundi huyu wa kioo kiuno cha watoto wote kakipigia msumari mahali pamoja. Hatua za ngazi wanazipanda sawasawa, lakini wameanzia juu kuliko msumari wake, basi kila hatua anaiita kosa."

"Na mlango?"

"Mlango unaanza kulia pale pale kwenye msumari, kisha unapanda mpaka juu." Akacheka bila kufurahi. "Na dawa ipo. Tazama." Akanionyesha kwenye mipangilio, maandishi ya kijivu: *do inayohama*. Alama ya kuwasha ilikuwepo, na juu yake kufuli. "Neno la siri wanalo ofisini."

"Si uwaombe."

"Nimewapigia leo. Bwana Skrini kanijibu kwamba mfumo ni mmoja kwa shule zote. Akinifungulia mimi, kila mtu atataka do yake."

Sikiliza maneno hayo tena. Kila mtu atataka do yake. Huyu ndiye anayesimamia elimu ya mwanao.

Nilikwenda ofisi ya elimu mimi mwenyewe. Nikaambiwa nikae, nikakaa. Bwana Skrini alipotoka, akaniuliza huku anaisoma simu yake, "Mama, wewe ni mwalimu?"

"Mzazi."

"Basi hili ni suala la kitaalamu."

"Mtaalamu mwenyewe ndiye mwenye hoja. Anataka mfungue kitu kimoja tu."

"Aandike."

"Kaandika."

"Basi linashughulikiwa."

Kushughulikia kwa ofisi ile nakujua. Ndiko kulikoila ile piano.

Na usidhani wifi ni mkaidi. Alijaribu kutii. Wiki zilizofuata aliwaanzishia watoto kwenye do ya mashine, akatumia mlango huo huo kuipata: anaufungua, unalia, wanaanza. Lakini do ile iko chini mno kwa vifua vile. Sauti zilizama kama ndoo iliyokatika kamba. Wenye sauti nyembamba wakabaki wanapumua tu, na wavulana wanaobalehe wakawa wanakoroma. Tableti ikatoa nyekundu ya aina mpya: *Sauti haijasikika.* Kibaya zaidi, watoto wakaanza kuichukia Ijumaa. Chiriku alirudi nyumbani akaniambia anaumwa tumbo. Tumbo la Chiriku halijawahi kuumwa siku ya muziki.

Siku moja kabla ya wageni, mwalimu mkuu akamwita wifi. Si mtu mbaya yule. Ni mwoga, na uoga wa mtu mmoja mwenye ufunguo wa ofisi unatosha shule nzima.

"Mwalimu," akamwambia, "mashine si ina sauti yake ya mfano?"

"Inayo."

"Tuipige kwenye spika nyuma ya pazia. Itajisikia yenyewe. Watoto wafungue midomo tu."

"Wafungue midomo wafanye nini?"

"Waonekane."

"Mkuu, mwaka mzima nawafundisha kusikilizana. Nikiwafundisha kuonekana, nitakuwa nimewafundisha nini?"

"Utakuwa umebaki na kipindi," akasema mwalimu mkuu, na kusema kweli hapo alikuwa na hoja.

Aliponisimulia, mimi nilimwambia akubali. Wamekuchezea, wachezee. Dawa ya moto ni moto. Wifi akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Halafu Bwana Skrini akisema mashine inatosha, mwalimu wa nini, nitamjibu nini? Itakuwa imeimba yenyewe na kujisahihisha yenyewe."

Nikaivuta sketi ya mtoto, nikashona mshono niliokwisha kuushona.

Ikafika siku ya wageni, na hapo ndipo na wewe unapoingia. Ulikaa dawati la nyuma, magoti yamegonga meza. Mwalimu mkuu alisimama ameshika pazia, akimkonyeza wifi, na nyuma ya pazia spika yake ilikuwa tayari. Bwana Skrini akaiweka tableti juu ya kiti mbele ya watoto kama anayeweka sanamu.

Wifi hakulitazama pazia. Aliwaambia watoto wavumishe. Akapita katikati yao ametega sikio, polepole, kama vile hakukuwa na mgeni wala kioo. Kisha akainua ngumi. "Do yetu ya leo iko hapa."

Wakaimba. Wewe ulisikia. Walipanda ngazi wakashuka, wakagawanyika, nusu wakashika *do* isiyotikisika na nusu wakapanda juu yake, na ilipofika *ti* chumba kizima kilishika pumzi mpaka walipoipeleka nyumbani. Wale wavulana wenye sauti za kokoto walikuwa wamepewa sehemu yao chini, wakaibeba kama wabeba boriti. Chiriku alikuwa kimya katika zamu ya wenzake, amefumba macho, anasikiliza. Mwalimu mkuu aliliachia pazia. Bwana Skrini, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa anatazama watu, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kinapiga sakafu.

Wakamaliza. Tableti ikawa nyekundu. *Jaribuni tena.*

Bwana Skrini akairudia sura yake ya kawaida. "Mmeimba vizuri sana, watoto," akasema. "Bahati mbaya hamkufaulu."

"Samahani, Bwana," wifi akasema. "Mguu wako ulikuwa unafanya nini?"

"Mguu gani?"

"Huo wa kulia."

Mkacheka. Na wewe ulicheka, meno yako niliyaona. Bwana Skrini akakitazama kiatu chake kana kwamba kimemsaliti.

"Mguu wangu hauna mamlaka, Mwalimu," akasema, akakusanya karatasi zake, akaenda mlangoni na kuuvuta.

*Iiii.*

Nyuma yake, juu ya kiti, kioo kikawaka kijani. Nyota zikamwagika. "Hongera!"

Chiriku hakupaza sauti. Alisema tu, kama anayesoma ubao, "Mlango umefaulu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Pale ndipo ulipokuna sikio. Palikuwa na nafasi ya mtu mzima mmoja kusimama na kusema, *Bwana, rudi, tumeona sote.* Mimi nilisimama nikasema, na nikajisikia mwenyewe kama bawaba, sauti moja inayolia ambayo watu wameshaizoea. Bwana Skrini akairudia tableti yake, akaitia kwapani, akasema hitilafu itarekebishwa, lakini matokeo ya watoto yameshajituma. Siku hiyo mtandao ulipatikana.

Mlipotawanyika nilimkuta Chiriku mlangoni ana kipande cha chaki, anahangaika kuirudisha ile herufi aliyoifuta. Karatasi imechakaa, chaki haishiki.

"Mama," akaniambia, "nilikuwa natania tu. Sikutaka iwe kweli."

Sasa nisikilize. Ratiba mpya inabandikwa Jumatatu asubuhi. Mpaka ibandikwe, wifi ni mwalimu wa muziki na Ijumaa ni ya watoto wetu. Ikishabandikwa, utakuwa umebaki na hesabu na mandhari yako ya tangi la maji, na mwaka kesho watakuja kuchukua kingine, maana wameshatupima wakaona hatuna kelele.

Mimi sina ushahidi, nilikuwa nasikiliza. Wewe unao. Ulikuwa unarekodi. Kwenye simu yako kuna watoto wanaoimba sawasawa, kuna kiatu cha Bwana Skrini kinachopiga sakafu, na kuna mlango uliopewa nyota. Namba ya ofisi ya elimu imechorwa kwenye geti la shule kwa rangi nyekundu, umepita mbele yake kila siku. Itume video hiyo, uandike chini yake maneno matatu tu: *Fungueni do inayohama.* Kisha Jumatatu, kabla kengele haijalia, uwe mlangoni pa ofisi ile pamoja nami, tudai neno la siri, na tusiondoke tukiambiwa linashughulikiwa.

Usiniambie utaona. Umeshaona. Simu iko mkononi mwako. Tuma sasa.