Bagi Lililopanda Kinyumenyume

Harlan Stobaugh alifukuzwa kazi mwezi wa pili mwaka 1969 kwa sababu alikuwa anakohoa nyuzi za kioo juu ya boti za wateja. Nyuzi zilinasa kwenye rangi kabla haijakauka. Msimamizi alimwonyesha alama zake kwenye boti tatu mfululizo, Harlan akakiri kuwa ni zake, na mchana huohuo akarudi nyumbani na kibati chake cha chakula.

Alikuwa amefanya kazi ya faiba kwa miaka kumi na tisa katika kiwanda cha Kittredge, huko Costa Mesa. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unatandika mkeka wa nyuzi za kioo ndani ya kalibu, unaulowesha kwa resini, unasubiri ugande, halafu unausugua kwa mashine ya msasa mpaka boti ing'ae kama jino. Vumbi la msasa lilikuwa jeupe na halikuwa na pa kwenda, maana kiwanda hakikuwa na feni ya kulivuta. Kwa hiyo lilikwenda ndani ya watu kumi na watatu waliokuwa wakifanya kazi humo.

Daktari wa kampuni alimsikiliza kifua akasema ni sigara. Harlan akamwambia hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Daktari akaandika kwamba mgonjwa anakataa kuacha.

Nyumbani, mkewe Oleta akawa anaukuta mto umejaa nyuzi kila asubuhi. Zilikuwa safi, ndefu kama kidole, zinameremeta. Wazazi wa Oleta walilikimbia vumbi la Oklahoma wakiwa na godoro moja na kuku wawili, na katika familia ile kitu hakitupwi. Alizikusanya kwenye kopo la kahawa. Lilipojaa, akatafuta jingine.

Ilipofika Pasaka, makopo yalikuwa kumi na sita kwenye rafu ya gereji. Harlan alifungua moja, akavuta nyuzi chache, akazisugua kati ya vidole viwili.

"Hizi ni nzuri kuliko za kiwandani," alisema.

"Ni zilezile za kiwandani, ila zimekaa kwako kwanza," Oleta akajibu. "Zifanyie kitu. Mimi naitaka rafu yangu."

Wiki iliyofuata Harlan alikwenda kiwandani kuchukua sanduku lake la vifaa. Vance Kittredge, mwenye kiwanda, alikuwa amesimama mlangoni kando ya bagi lake, gari dogo la wazi la kuchezea mchangani. Lilikuwa la rangi ya chungwa lenye chembe za dhahabu, na wafanyakazi wake ndio waliolitengeneza, saa za kazi.

"Harlan! Umekuja kutuchafulia tena?"

"Nilikuta pachafu, bosi. Weka feni. Ysidro naye ameanza kukohoa."

Ysidro Barrera, jirani yake Harlan, alikuwa pale ndani ameshika msasa. Hakuinua kichwa.

"Ysidro anakohoa pilipili za mke wake," alisema Kittredge. Watu wakacheka kidogo, jinsi watu wanavyomchekea anayewalipa mshahara.

"Feni mbili tu, bosi."

Kittredge alilipigapiga bagi lake ubavuni. "Nisikilize. Siku ya Shukrani, Novemba, nitakuwa kule mchangani kama kila mwaka. Ukifika juu ya Bibi Kizee kabla yangu, naweka feni mbili. Nasema mbele ya hawa wote."

"Kubwa?"

"Kubwa kama mlango."

Bibi Kizee ni kilima cha mchanga karibu na mpaka wa Arizona, kirefu na kikali, na kila mwaka wenye mabagi hukusanyika chini yake na familia zao na bata mzinga wao. Kittredge alikuwa amefika juu wa kwanza kwa miaka sita. Bagi lake lilikuwa zuri, na wengi walioshindana naye walikuwa wanakula kwake.

Jioni ile Ysidro alikuja na mashine yake ya kuchomelea bila kuitwa. Akaiweka chini katikati ya gereji.

"Mkubwa," alisema, "tunaanzia wapi?"

Bagi la mchangani ni Volkswagen iliyovuliwa nguo. Unaondoa bodi yote, unaifupisha sakafu, unaivika bodi nyepesi ya faiba isiyo na milango wala paa. Walianza na ramani. Harlan alikaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya gereji, ameshika kifuniko cha sufuria kama usukani, na Oleta akamzungushia chaki sakafuni. Urefu wa bagi ulitoka kwenye miguu ya Harlan. Upana ulitoka kwenye kiuno cha Oleta, kwa sababu alisema yeye hatabanwa pembeni kama mzigo.

Volkswagen waliipata kwa mtu aliyekuwa ameigongesha kwenye mtende wa jangwani, akachoka kuiona. Ysidro aliikata sakafu na kuondoa inchi kumi na nne na nusu, akaziunga ncha mbili mpaka mshono haukuonekana. Wakapunguza fimbo ya gia kwa kipimo hichohicho, wakapunguza na mirija ya breki, mambo ambayo watu husahau wakabaki na kitanda chenye magurudumu. Gia boksi ya zamani ilikuwa imepasuka. Ysidro alimchomelea geti muuza vyuma vya skrepa mmoja huko Santa Ana, naye akampa gia boksi ya Volkswagen ya basi, nzima kabisa. Wakaifunga. Walikumbuka kila kitu isipokuwa kimoja.

Halafu wakaja kwenye bodi. Harlan alilijenga umbo lake kwa vipande vya mbao, wavu wa kuku na plasta, akalisugua wiki tatu. Juu ya umbo akatengeneza kalibu, na kalibu akaipaka nta mara saba, kwa sababu bila nta kinachoingia hakitoki. Oleta alizichana nyuzi za makopo kwa kitana cha sufu cha mama yake, akazitandaza kuwa mikeka. Harlan akailowesha resini. Dawa ya kugandisha hawakuitumia. Harlan akiipulizia resini, iliganda.

"Usinigeukie ukiwa unapumua," Ysidro alimwambia. "Mimi nina watoto wanne, sitaki kurudi kwao sanamu."

"Wewe utakuwa sanamu inayodaiwa kodi," alisema Oleta. "Leta mkeka mwingine."

Harlan alikohoa kiangazi chote kwa bidii, asubuhi akijaza karibu kopo moja kwa wiki, jioni akilaza mikeka. Makopo yalipofika thelathini, kifua chake upande wa kushoto kilianza kuingia ndani, na Oleta akawa anamshonea mashati kwa vipimo viwili. Kopo la arobaini na tatu lilitosha kumalizia kingo. Mwishoni mwa Oktoba Harlan aliigonga kalibu mara moja kwa nyundo ya mpira, na bodi ikatoka nzima.

Haikupakwa rangi. Ilikuwa nyeupe kidogo, kama maji ya mchele, na ukiiangalia dhidi ya jua uliona vidole vyako upande wa pili. Waliipima kwenye mizani ya muuza nyama: kilo kumi na tisa. Bodi ya Kittredge ilikuwa zaidi ya arobaini.

Siku ya pili Ysidro alisimama akaiangalia kwa muda.

"Shemeji," alimwita Oleta, "hiki kitu kinapanda na kushuka."

Oleta alitoka akiwa na taulo la vyombo begani. Bodi ilikuwa inapanda na kushuka taratibu, kama mtu aliyelala baada ya chakula.

"Mmeiacha juani," alisema. "Isogezeni kivulini."

Walimaliza kuifunga injini siku moja kabla ya safari. Kwa hiyo bagi lilikanyaga ardhi kwa mara ya kwanza palepale mchangani, Siku ya Shukrani saa tatu asubuhi, watu mia tatu wakiwa wamekaa kwenye viti vya kukunja. Harlan aliketi, akakanyaga klachi, akaweka gia ya kwanza, akaachia. Bagi likarudi nyuma likaingia kwenye meza ya Oleta. Bata mzinga akaanguka mchangani.

Harlan akajaribu gia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi.

Ysidro alifumba macho. "Kraunwili," alisema.

Gia boksi ya basi la Volkswagen ina gia nyingine ndogo kule kwenye magurudumu, zinazogeuza mzunguko. Ukiifunga kwenye gari lisilo na hizo gia ndogo, lazima uipasue, utoe kraunwili, yaani gia kubwa ya ndani, uihamishie upande wa pili. Usipofanya hivyo unapata gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kila fundi wa mabagi anajua hilo, na kila mmoja amewahi kumcheka mwenzake aliyesahau.

"Ni kazi ya siku mbili," Ysidro alisema. "Mkubwa, kosa ni langu."

"Ni letu."

Kittredge alikuja na kikombe chake cha kahawa. Alitazama nyayo za matairi, akatazama meza.

"Hilo gari lako lina adabu, Harlan. Likiniona linarudi nyuma."

Watu wa kiwandani walikuwa wamesimama karibu, wote kumi na wawili. Hakuna aliyecheka safari hii. Ysidro alijifunika mdomo, akakohoa, akatia mkono mfukoni haraka. Oleta alikuwa akimpangusa mchanga bata mzinga. Aliziona zile nyuzi kiganjani.

"Bwana Kittredge," alisema, "ulisema afike kabla yako. Ulisema aelekee wapi uso wake?"

Kittredge alifikiri. "Sikusema."

"Basi kanywe kahawa yako umalize."

Kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa Harlan ndiye aliyekuwa akirudisha boti za wateja majini kwa trela, kinyumenyume, kati ya nguzo mbili, na hakuwahi kugusa nguzo hata moja. Aligeuza bagi, matako yakakitazama kilima. Oleta alipanda kando yake, akapiga magoti juu ya kiti akiwa ameangalia nyuma, kwenye injini, ili awe macho yake.

Mtu mmoja wa Bakersfield alitikisa taulo. Wakaondoka.

Kittredge alitangulia, akirusha mchanga. Harlan alipita gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimtazama kila mtu aliyebaki chini.

"Kushoto," alisema Oleta.

Akageuza.

"Kushoto kwangu, siyo kwako!"

"Kushoto kwako ni kulia kwangu, mwanamke."

"Basi geuza kulia kwako na uache maneno."

Katikati ya kilima mteremko unakuwa ukuta. Bagi la chungwa lilianza kuchimba, magurudumu yakazama, likabaki linanguruma mahali pamoja. Injini ya Harlan nayo ikaanza kukwama. Mzigo wote ulikuwa umeegemea magurudumu ya mbele, ambayo hayasukumi kitu, na kwa kanuni za ufundi walikuwa wamefika mwisho. Harlan aliweka gia ya nne, akavuta pumzi kadiri upande wake mmoja ulivyomruhusu.

Bagi nalo likavuta. Mabawa ya magurudumu yalitanuka, ubavu ukainuka, viti vikapanda kiasi cha shubiri moja. Lilivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeibana miaka mingi, na lilipoitoa, mchanga uliondoka mbele yao kama vumbi linavyoondoka mezani. Likapanda. Lilimpita Kittredge karibu kiasi cha kushikana mikono, nyuso zikiwa zinatazamana, na Harlan akamwinulia kofia.

Walisimama juu ya Bibi Kizee wakiwa wameangalia chini, tayari, bila haja ya kugeuza. Watu wote mia tatu walikuwa wamesimama wakipiga honi na masufuria. Watu kumi na wawili wa kiwandani walikuwa wanakimbia kupanda kwa miguu, wakianguka, wakikohoa na kucheka. Ysidro alifika wa kwanza akalala kifudifudi juu ya boneti, mikono ameitandaza.

"Umemwona uso?" alimuuliza Harlan.

"Tangu nilipompita mpaka juu," Harlan akasema. "Nilikuwa nimekaa vizuri."

Chini, yule wa Bakersfield alimwambia mkewe kwamba hiyo ni gia boksi ya basi, kraunwili haikugeuzwa. Mkewe akasema ameona.

Wakamla bata mzinga na mchanga wake.

Kittredge alitimiza ahadi. Jumatatu zilifika feni mbili, kubwa kama mlango, moja ikafungwa upande huu wa kiwanda na ya pili upande ule. Ukuta hakuutoboa. Ysidro alipomuuliza vumbi litatokea wapi, Kittredge alisema yeye aliahidi feni, hakuahidi tundu, na kwamba somo hilo alifundishwa na Oleta, shemeji yake Ysidro, kule mchangani. Zamani vumbi lilikuwa linatua chini ifikapo saa nne asubuhi. Sasa halikutua mpaka jioni.

Kila Jumapili Harlan na Oleta walilitoa bagi, na watu waliwapisha njia, uso kwa uso. Kraunwili hawakuigeuza. Daktari mwingine, wa hospitali ya kaunti, aliweka chombo chake upande wa kushoto wa Harlan akasema hakuna kitu humo, akauliza kimekwenda wapi. Harlan akamwonyesha kupitia dirishani, pale bagi lilipoegeshwa.

Bagi lilikula Volkswagen moja, inchi kumi na nne na nusu za sakafu yake, gia boksi moja ya basi na geti moja huko Santa Ana. Lilikula madebe mawili ya resini, nta mikono saba, kitana cha mama yake Oleta na miezi saba ya jioni zake. Lilikula miaka kumi na tisa. Lilikula pafu lote la kushoto la Harlan na theluthi ya lile la kulia, makopo arobaini na matatu. Ya Ysidro, kufikia Krismasi, yalikuwa mawili, na la tatu lilikuwa limefika nusu.