Chanzo cha Wimbo

Bomba lilikauka ndoo ya tisa ikiwa nusu. Nyuzi alikuwa wa kumi na nne kwenye foleni. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu maji huwa yanarudi bila taarifa, na anayeondoka hupoteza zamu. Wanawake walipindua ndoo zao wakazikalia, wakaendelea na mazungumzo yao kama watu waliozoea.

Gari la kampeni lilikata kona ya duka la dawa likiwa na spika nne juu ya paa. Gitaa lilitangulia kusikika, na Nyuzi akainua kichwa. Lilikuwa gitaa lake. Si gitaa linalofanana na lake, lake lenyewe. Siku aliyorekodi alikuwa na plasta kwenye kidole, uzi wa tatu ukakwaruza kidogo pale mwanzo, na akauacha hivyo kwa kuwa hakuwa na nguvu za kurudia. Mkwaruzo huo sasa ulikuwa unapita barabarani, mkubwa kuliko nyumba.

Sauti haikuwa yake. Mwanamume mmoja aliimba kwa furaha nyingi:

*Bomba linacheka leo, linatema maji,*
*ndoo zimejaa heri, shukrani kwa chama.*

Nyuzi alikuwa ameandika hivi:

*Bomba linapumua tu, halitemi maji,*
*ndoo zimejaa ahadi, watoto wana kiu.*

Gari lilipunguza mwendo karibu na foleni. Kijana aliyekaa nyuma akawapungia mkono. Hakuna aliyempungia. Wote walikuwa wanamtazama Nyuzi.

"Kumbe ndiyo maana juzi hukuonekana kikaoni," alisema Mama Mkaa. Aliuza mkaa pale mtaani na ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Nilikuwa na harusi ya kupiga."

"Harusi ya nani? Yako wewe na chama?"

Foleni ilicheka. Nyuzi alisubiri wamalize.

"Sijawauzia wimbo, Mama Mkaa."

"Nani kasema umeuza? Nimesema umeolewa. Hongera, shemeji wa wakubwa." Mama Mkaa aliisogeza ndoo yake mbele hatua moja, ingawa foleni haikusogea. "Jumatatu tunakwenda ofisi ya maji kama tulivyopanga. Tutatafuta kitu kingine cha kuimba. Huu wako tukiuimba, watadhani tumekwenda kuwashukuru."

"Nitauondoa kwao. Kabla ya mkutano wao wa Jumamosi."

"Uondoe. Sisi tupo hapahapa, hatuna pa kwenda, hata maji hayatufukuzi."

Walicheka tena, lakini kidogo. Aliyekuwa nyuma ya Nyuzi, ambaye siku zote walipeana zamu ya kulinda ndoo, alichukua yake akahamia upande wa pili.

Studio ya Kofia ilikuwa chumba nyuma ya kinyozi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi. Kofia ndiye aliyemrekodi. Hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi.

"Nani ana gitaa langu peke yake, bila sauti?" Nyuzi aliuliza kabla ya kukaa.

"Mimi na wewe."

"Basi ni wewe."

"Au wewe. Labda umeuza, ukasahau."

Walitazamana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, wakibeba spika moja, huyu mkono huu na yule mkono ule. Nyuzi alijikuta anaangalia viatu vya Kofia kuona kama ni vipya. Kofia aliona anapoangalia.

"Ni vilevile," alisema. "Soli ya kushoto imeshonwa mara mbili. Unataka kupiga picha?"

Nyuzi alikaa.

"Fikiri vizuri," Kofia aliendelea, safari hii bila kejeli. "Kuitoa sauti yako na kubakiza gitaa safi namna ile, lazima uwe na faili la gitaa. Mimi sijampa mtu. Wewe ulimpa nani?"

Nyuzi alijua kabla Kofia hajamaliza. Kila msanii anayesajili wimbo katika ofisi ya hakimiliki hupeleka flashi yenye wimbo mzima, na tangu mwaka jana hupeleka pia kila ala peke yake: gitaa mbali, ngoma mbali, mwimbaji mbali. Kwa ajili ya uhakiki, tangazo lilisema. Alikuwa amepeleka mwenyewe, kwenye bahasha, akiwa amevaa gauni lake zuri. Alikuwa amepeleka wimbo ukalindwe.

"Siku ile nilikuuliza wanazitaka za nini," Kofia alisema.

"Nikakujibuje?"

"Ulisema serikali haina kazi na gitaa lako."

Afisa wa usajili alimpokea vizuri mno, na hilo lilimtia Nyuzi wasiwasi kuliko kama angefokewa. Alisimama, akamvutia kiti, akafunga mlango. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi mikononi. Juu ya kabati kulikuwa na flashi za wasanii ndani ya boksi la viatu, kila moja imefungwa karatasi yenye namba.

"Msanii wetu. Tunakusikia kila mahali siku hizi."

"Mnausikia wimbo wangu. Mimi simo."

Afisa alicheka kwa adabu, akafungua faili. Hakuwa na haja ya kulitafuta. Lilikuwa mezani tayari.

"Wimbo wako upo salama, dada yangu. Umesajiliwa. Umesajiliwa kundi la nyimbo za asili."

"Nimeutunga mwenyewe, chumbani kwangu, mwaka juzi."

"Soma hapa." Aligeuza fomu. "Kipengele cha saba. Chanzo cha wimbo. Huu si mwandiko wako?"

Ulikuwa mwandiko wake. Alikuwa ameandika: *Nimeupata kwa mama yangu.*

Alikumbuka vizuri alivyoandika. Alikuwa amesimama kaunta, kalamu imefungwa kwa kamba, watu nyuma yake wanahema. Chanzo cha wimbo. Akamkumbuka mama yake akifua, akiguna sauti tatu nne zisizo na maneno, zikipanda na kushuka na mikono. Wimbo mzima ulikuwa wake Nyuzi, maneno na mpangilio wote, lakini mguno ule ndio uliomfanya akamate gitaa. Akaona ni utovu wa shukrani kuandika jina lake peke yake, kama mtu asiye na mzazi.

"Niliandika kwa heshima," alisema.

"Naelewa. Mimi pia nina mama. Ila fomu haina kisanduku cha heshima." Afisa aligonga karatasi kwa kidole. "Kilichopatikana kwa wazazi ni urithi. Urithi ni mali ya umma. Mali ya umma husimamiwa na ofisi hii kwa niaba ya wananchi, na anayetaka kuutumia anaomba kibali hapa. Wale wa chama waliomba. Tukawapa. Hata wewe ukitaka kuuimba hadharani, utaomba, tutakupa."

"Kibali cha kuimba wimbo wangu."

"Utaratibu tu."

"Na gitaa? Hilo nalo la mababu?"

Afisa alivua miwani, akaifuta.

"Gitaa lilikuja pamoja na wimbo," alisema. "Sikiliza, sitaki tugombane. Mama yupo hai?"

"Yupo."

"Mlete. Aseme mbele yangu kwamba umetunga wewe. Nabadilisha hapahapa, na barua ya kuwazuia inatoka siku hiyohiyo. Sheria iko wazi: shahidi ni yule aliyetajwa kwenye chanzo."

Ilikuwa rahisi mno. Nyuzi alishuka ngazi akitafuta shimo la mtego lilipo, asilione.

Mama yake alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho.

"Kwa hiyo wanataka kumjua aliyetunga," alisema.

"Ndiyo, mama. Useme ukweli tu. Mwanangu ametunga, basi, tunarudi nyumbani."

"Kwa nini wanataka kumjua?"

"Wauondoe kwenye kampeni. Kabla ya Jumamosi."

"Wamekwambia hivyo wao?"

"Wamesema hivyo."

Mama alitoa kijiwe, akakiweka kwenye kiganja, akakitazama. Marehemu baba yake Nyuzi alikuwa mwalimu wa kwaya. Mwaka Nyuzi alipoanza shule, watu wawili wapole walikuja kuuliza ni nani aliyeandika maneno ya wimbo fulani, mzuri sana, wangependa kumpongeza. Baba alisema ni yeye. Wakaondoka naye, akarudi baada ya miaka miwili na mkono wa kulia usioweza kushika chaki.

"Mama, hii ni ofisi ya muziki. Si polisi."

"Na wale walikuja ofisi ya mwalimu mkuu. Wakanywa chai." Aliendelea kuchambua. "Huyo wako anavaa miwani?"

"Miwani ina nini?"

"Nauliza tu. Nitakuja."

Akavaa nguo zake za kanisani. Njiani alitangulia yeye, mkoba kwapani.

Afisa alimwamkia mama shikamoo huku ameinama, akampa kiti chenye mto. Kando ya dirisha alisimama kijana mwenye kamera shingoni. "Mpiga picha wetu," afisa alisema, "msimjali." Nyuzi alimjali. Ofisi gani huweka mpiga picha tayari kwa ajili ya kurekebisha fomu?

"Mama, sitakuchosha," afisa alianza. Alichukua karatasi, akasoma polepole, bila kuimba. "Bomba linapumua tu, halitemi maji. Ndoo zimejaa ahadi, watoto wana kiu." Akaiweka chini. "Maneno makali haya. Wapo wanaosema yanawatukana viongozi. Mimi sisemi hivyo. Mimi kazi yangu ni kuandika tu. Ametunga nani?"

Nyuzi aliliona shimo.

"Hukusema utamuuliza hivyo," alisema.

"Nimeuliza swali la fomu, dada yangu. Mama?"

Mama alikaa wima. Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba, imetulia.

"Huo ni wimbo wa zamani," alisema.

"Mama."

"Nyamaza, wakubwa wanaongea. Huo ni wimbo wa zamani, baba. Bibi yangu aliuimba. Na wenzake wote waliuimba, hajulikani aliyeanza. Huyu mwanangu kausikia kwangu, naye anapenda sifa, ndio anasema wake. Hana uwezo wa kutunga. Shuleni alikuwa mzito."

"Bomba limeletwa mtaani nikiwa darasa la nne," Nyuzi alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Bibi yake alichota mtoni. Angeimba bomba gani?"

Afisa alikuwa tayari anaandika. "Maneno hubadilika kadiri yanavyorithishwa," alisema bila kuinua kichwa. "Ndiyo sifa ya nyimbo za asili. Na tumeona yamebadilika tena juzijuzi, yakawa mazuri zaidi."

Kwa kitambo kifupi Nyuzi alimtazama mama yake na kujiuliza kama naye amepewa kitu. Alijiuliza hivyo kweli, akahesabu siku, akajiuliza nani angeweza kupita nyumbani yeye akiwa foleni ya maji. Halafu mama akamgusa goti chini ya meza, akaliminya mara mbili, kama alivyokuwa akimminya utotoni walipopita kwenye vizuizi vya barabarani, maana yake usiogope, nimeshamaliza. Nyuzi akaona aibu, na aibu haikumsaidia chochote.

"Mama anaelewa alichosema?" afisa aliuliza, akimwelekea mama lakini akimtazama Nyuzi. "Akisaini, hakuna kurudi nyuma."

"Naelewa," mama alisema. "Yeye hahusiki. Andika hivyo. Andika hahusiki."

"Nitaandika hivyo hivyo."

Aliandika. Mama akapiga dole gumba, akafuta wino kwa leso, hadi kwenye ukucha, bila haraka. Uso wake ulikuwa umelegea. Nyuzi hakuwahi kumwona ametulia namna ile tangu baba alipozikwa.

"Sasa picha moja," afisa alisema. "Jumamosi, kwenye mkutano wa chama, mgeni rasmi atatambulisha walezi wa urithi wetu. Ukutani pia tutaweka. Mama akae hapo hapo, ni pazuri."

"Huyu mwanangu hatakuwamo?" mama aliuliza, na ilikuwa wazi jibu alilolitaka.

"Hapana, mama. Yeye hahusiki."

Mama akaitikia kwa kichwa, akarekebisha kitambaa chake. Mpiga picha alisogea nyuma, akachungulia, akakunja uso. Mwanga wa dirisha ulikuwa upande mmoja. Alichukua kadibodi nyeupe iliyokuwa imeegemezwa kabatini, akamkabidhi Nyuzi.

"Dada, nisaidie. Simama pale pembeni, ushike hivi, mwanga umpate mama usoni."

Nyuzi aliishika. Mwanga ulitoka dirishani, ukagonga kadibodi, ukaenda kutua kwenye mashavu ya mama yake, naye mama akatabasamu kwa kamera.

"Inua kidogo," mpiga picha alisema. "Bado ana kivuli."