Mikono Haijaambiwa

Mume wangu Ignatio alizikwa mwezi wa pili, mvua ikinyesha. Sikulia. Watu walinitazama kama sufuria isiyotaka kuchemka, kisha wakala wali wakaenda.

Mwanangu Baltazar alitaka nihamie kwake Lituhi, ziwani, shamba la huku mlimani liuzwe. Nikasema sawa. Ilikuwa sawa tu, kama mtu kuulizwa chai au uji.

Lakini kila asubuhi nilijikuta shambani na mundu, nafyeka majani, nayalaza kwa miraba, tayari kwa ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Kwetu Wamatengo kulaza majani ni kazi ya mwanamume. Mwanamke huja nyuma na jembe, akachimba katikati ya miraba na kuyafukia kwa udongo. Siku niliyoamua kuacha, niliamka mapema zaidi.

Baltazar akaita wajuzi wawili. Mjukuu wangu Edina, anayesomea mambo ya akili chuoni, akasema, "Bibi, chini ya akili unayoijua kuna nyingine. Uliyoyafukia huko ndiyo yanakutuma."

"Kama majani chini ya udongo."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi yaache yaoze. Maharage yatastawi."

Katekista Hyasinti hakucheka. "Mama, Mungu ametupa akili ituongoze. Akili ndiyo baba wa nyumba. Mikono ni watoto, kazi yao kutii."

"Baba wa nyumba nimemzika, Katekista. Sala uliongoza wewe mwenyewe."

Edina akajifunika mdomo kwa kanga. Baltazar akasema gari la dagaa linashuka ziwani Ijumaa, nitakaa mbele na dereva. Mnunuzi wa shamba atakuja kesho yake.

Ijumaa nikaenda kuliaga shamba. Miraba yangu yote ilikuwa imepinda kushoto. Ignatio alilaza hivyo maisha yake yote, maana mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, nami sikuchoka kumsema. Miguu yangu iko sawa. Nikaitazama ile miraba. Sikuhisi kitu, wala chozi halikuja. Nikachukua jembe, nikaanza kufukia.

Baltazar akaja hadi ukingoni, honi ikilia barabarani.

"Mama, si ulikubali?"

"Nilikubali kwa akili," nikamwambia. "Ichukue, iweke mbele kwa dereva, haili sana. Mikono haijaambiwa."

Akaitazama ile miraba, imepinda kama ya baba yake. Kisha akaenda kumwambia dereva aondoke, akampigia mnunuzi simu, akarudi amekunja suruali, akauliza mundu uko wapi.

"Huo hapo," nikasema. "Pindisha kushoto."