Mwerezi Uliopumua

Ule mwerezi, jamani, ulikuwa mti! Watu sita washikane mikono wasingeuzunguka. Juu huko mvua ilimwagika, lakini chini ilifika imechelewa, tone moja moja, ikichujwa na matawi na zile ndevu za kijani zilizoning'inia kila mahali. Loretta aliutazama akasahau kufunga mdomo.

Misimu mitatu alikuwa akisaka mti wa kuchonga nguzo ya kumkumbuka marehemu mjomba wake, yenye sura ya dubu, nembo ya ukoo wao. Na sasa muda ulikuwa unambana. Mama yake, dada wa marehemu, macho yalikuwa yanazimika, naye alitaka kuiona nguzo ya kaka yake kabla ya giza kumfunika.

"Binamu, unaukata au unauposa?" aliuliza Vern, msumeno wa injini begani.

"Nyamaza wewe! Kwanza niujue moyo wake."

Ndivyo wachongaji wa kwao walivyofanya tangu enzi za mababu: hutoboa tundu kwanza, maana mwerezi huweza kuvutia nje kumbe ndani mtupu. Loretta aliuomba mti radhi, akagonga patasi. Mara patasi ikazama. Utupu!

"Si neno," Vern alisema. "Nguzo si tunaichimba mgongoni iwe nyepesi hata hivyo? Shina ni nene. Tuuangushe."

Alisema kweli, na Loretta alijua. Akabandua kipande cha mti, akapenyeza mkono apime unene wa ukuta. Hewa ikamgusa kiganjani, hewa ya moto. Ikapotea. Ikarudi.

Mti ulikuwa unapumua.

Kisha vikasikika vilio vyembamba, vya watoto wanaogombea ziwa la mama.

"Dubu," alinong'ona. "Kazaa humu, katika usingizi wake wa majira ya baridi."

Vern aliuweka msumeno chini polepole, kama anaweka yai. Walisimama pale kwenye baridi, wakisikiliza, hata mvua wasiihisi. Kisha Loretta akaziba tundu kwa kipande kilekile alichokitoa.

Nyumbani, alimweleza mama yake kwa uoga. Mama akanyoosha kiganja.

"Lete huo mkono."

Akakinusa kiganja kilichopumuliwa na dubu, akakinusa tena. Akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Mwacheni alale. Kaka yangu naye alikuwa hivyo: ukimwamsha, unarushiwa kiatu."

"Na nguzo, mama?"

"Tafuteni mti mwingine. Nikiwa sioni, nitaipapasa."