Jina la Lusungu

Hezroni alikubali kumkamatia mtafiti Dionis vipepeo wa milima ya Matema kwa sababu moja tu: aliahidiwa kwamba wakithibitika kuwa aina mpya, wataitwa Lusungu, jina la marehemu mkewe.

Leo Dionis amerudi. "Mzee wangu, mabawa tumeyapima! Yamechongoka kuliko ya wale wa Mwaya. Ni aina mpya kabisa!"

"Ndaga, asante sana, mwanangu. Kwa hiyo Lusungu..."

Dionis akainamisha macho. "Wakubwa wa taasisi wamewapa jina la mkurugenzi wetu."

"Amewahi kumwona hata mmoja?"

"Kwenye picha, mzee."

"Wakubwa! Hata marehemu hawamwachii kitu."

Hezroni akauchukua wavu, ule alioushona Lusungu kwa chandarua chao, akauingiza ndani. "Kesho mkurugenzi wenu aje akamate mwenyewe."