Mkono wa Baba Dirishani

Kazi yangu ni kuunganisha picha za filamu, kazi inayotaka mtu mpekuzi. Upekuzi ninao, nimeurithi kwa baba, polisi mstaafu ambaye hata kijiko kikihama jikoni huuliza kimepita njia gani. Mwongozaji wetu alipotafuta mtu wa kuwafundisha waigizaji namna polisi wanavyosimamisha gari, nilimpeleka yeye.

Na mimi nilikuwa na langu. Kwenye kikosi chetu yuko Fundi Taa, kijana ninayetaka anioe. Sisi kwetu ni maji ya kunde, wao ni weusi tii, na katika mji wetu tofauti hiyo huamua hata mtaa ambao mtu atapangishwa nyumba. Alikuwa ameomba kuleta posa. Baba hakukataa wala hakukubali. "Bado namsoma," alisema kila nilipomuuliza, na mwaka ukaisha akisoma. Nikaona wakifanya kazi pamoja huenda atafika ukurasa wa mwisho.

Asubuhi ya kwanza baba aling'ara. Alimwendea mwigizaji aliyekaa ndani ya gari, akainama dirishani, akasema, "Leseni, kaka," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mwigizaji huyo ni wa rangi yetu. Alipokwenda kubadili shati, Fundi Taa alikaa mahali pake ili mwanga upimwe, na baba akarudia mwendo uleule huku kamera ikiendelea kunasa.

Mchana, katika chumba changu cha kazi, niliziweka picha hizo mbili bega kwa bega kwenye skrini. Nilitaka tu kulinganisha mwanga. Katika ya kwanza mikono ya baba inaning'inia. Katika ya pili mkono wa kulia unapanda wenyewe hadi kiunoni, pale ilipokaa bastola miaka yote, ingawa sasa pana mkanda tu. Ndani ya gari, Fundi Taa ameshaweka mikono juu ya usukani, vidole vimenyooka, kabla hajaambiwa neno. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Hakuna aliyeyaandika hayo kwenye mswada. Niliogopa, na bado nilitaka kujua zaidi.

Nikamwita baba. Nilijua nalikoroga, na kwamba posa ikiharibika nitalinywa mwenyewe. Alitazama mpaka mwisho.

"Umeichezea hii picha," akasema.

"Sijaigusa, baba."

"Basi twende turudie."

Tukashuka uani. Fundi Taa akaingia garini. Baba akaenda, mkono ukapanda. Akarudi, akaanza upya, safari hii ameutia mfukoni, akafika dirishani akijiona kabisa anafanya ujanja wa mtoto aliyeficha sukari. Wanasema mazoea yana taabu. Nilitamani acheke ili tuyamalize, lakini hakucheka.

"Teremka, kijana," akasema. "Nikae mimi humo. Wewe njoo dirishani."

Fundi Taa alinitazama, akateremka, akampisha baba. Kisha akaenda dirishani polepole.

"Habari za mchana, mzee. Naomba leseni."

Baba alikuwa ameegemea kiti, mkono mmoja pajani, mwingine ukijikuna shavu. Aliitazama mikono yake, kisha akautazama usukani.

"Nani alikufundisha kuiweka pale?"

"Mama."

"Ulipoanza kuendesha?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa bado nakaa kiti cha nyuma. Alikuwa ananiambia nikiona polisi nishike kiti kilicho mbele yangu, mikono ionekane. Tulifanya mazoezi tukienda shule."

Mimi nami nilikaa kiti cha nyuma cha gari la baba miaka ile ile, nimelala chali, miguu dirishani, na hakuna aliyewahi kuniambia pa kuweka mikono. Niliona aibu, na sikujua niitue wapi.

"Mwambie mama yako asije kwangu na posa," baba akasema, na moyo wangu ukashuka. "Nitatangulia mimi kwenda kwake. Nina maneno ya kumwambia."

Fundi Taa hakutabasamu. Alikuwa bado amesimama pale dirishani, mikono nyuma.

"Nitamuuliza, mzee," akasema. "Lakini siwezi kukuahidi kwamba atakufungulia mlango."